Nilivyomshinda Simon Juu ya Yesu

Jumatatu, 8 Julai 2024

Simon karudi Mlali kutoka chuoni Mzumbe na jambo jipya: Yesu si Mungu. Ni Mwana, alikufa, alifufuka, tunampenda — ila Mungu ni Baba peke yake. Eti wana kikundi chao huko, wanasali kwenye darasa tupu. Kayasema haya mezani, mbele ya Baba, huku anamenya ndizi. Huyu mdogo wangu hajui kuchagua wakati!

Baba hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Kasema Jumapili ni misa ya mwaka mmoja wa Mama, na anayemkana Kristo hatakaa benchi la wafiwa. Abaki nyumbani.

Simon kajibu tu, sawa, Baba. Misa ya mama yake mzazi! Wala hakutikisika. Nilitamani kumzaba kibao.

Jumanne, 9 Julai

Mjomba Halidi kaja asubuhi. Kaka mkubwa wa Mama, Mwislamu safi, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Kamwambia Baba kwa upole kabisa: kanisani mfungie, shemeji, huko ni kwenu. Lakini kaburi liko kwenye shamba la ukoo wetu. Pale humfungii.

Baba akamkaribisha chai. Angesema nini?

Halafu Mjomba akamgeukia Simon, uso umemnawiri. Nasikia sasa unakubali kwamba Nabii Isa si Mungu? Karibu sana! Ikabidi Simon aeleze kwamba hapana, Mjomba, mimi bado Mkristo, msalaba naukubali. Mjomba alinywea, maskini. Nilitoka nje nikacheka vizuri.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata njia. Kigangoni, kanisani kwetu, vijana wana mdahalo kila Jumamosi. Nimemwambia Simon: simama na mimi mbele ya watu. Nikikushinda, Jumapili unakaa na sisi, na Nasadiki, pale tunapokiri Yesu ni Mungu kweli, unaisema yote bila kuruka. Kaniuliza, na mimi nikikushinda, Dada? Nikamwambia hilo halipo.

Kakubali. Baba naye kakubali. Katekista kataka mtunza muda asiye na upande. Nani mwingine? Mjomba Halidi! Wakatoliki wagombane, Mwislamu ashike saa.

Ijumaa, 12 Julai

Simon ana hoja nzito, nazijua. Kama Yesu ni Mungu, kule bustanini alikuwa anamwomba nani? Mbona alisema siku ya mwisho haijui? Na mimi ninazo zangu: alisamehe dhambi, alikubali kusujudiwa, Tomaso alimwita Mungu wake na wala hakukemewa. Nafundisha Historia sekondari, kubishana ndiyo kazi yangu. Lakini hoja kwa hoja hatutamaliza. Nataka moja ya kumlaza chini.

Imenijia nikiwa naosha vyombo. Siiandiki hata humu.

Jumamosi, 13 Julai

NIMESHINDA!

Ukumbi ulijaa, wengine madirishani. Simon alianza, na tuseme ukweli — alisema vizuri. Sauti ya chini, hana papara. Mjomba na simu yake mkononi alikuwa anatikisa kichwa kuafiki kila neno, hadi Katekista akamkumbusha kuwa yeye ni refa. Simon alipofika kwenye kufufuka, Mjomba akaacha kuafiki. Watu walicheka sana.

Zamu yangu nikatoa zangu zote. Makofi. Nikamwona Baba kakaa wima. Kisha nikaitoa ile. Nikamgeukia Simon: usiku ule Mama anahema kwa shida, mimi namshika mkono, wewe ulipiga magoti kando ya kitanda. Uliita. Waambie watu hapa uliita nani.

Akanitazama. Akasema, nilimwita Yesu.

Nikasema: binadamu tu angekusaidia nini pale? Moyo wako unajua ni nani.

Vigelegele! Wamama wakasimama, wakanipepea kwa khanga. Simon akarudi kukaa. Muda wake ulikuwa haujaisha, Mjomba alimwonyesha kwenye simu, lakini akakataa kwa kichwa. Baba kanishika bega njiani, mwanamume asiyejua kusifia mtu! Kasema Mama angefurahi. Nimetembea kama nimeolewa leo. Simon anarudi benchini kwetu, na ni mimi niliyemrudisha. Mimi!

Jumapili, 14 Julai

Alikuja. Shati jeupe, kakaa kati yangu na Baba. Nasadiki ilipoanza nikatega sikio. Kaisema yote, neno kwa neno. Nilitaka kuimba kabla ya kwaya.

Baada ya misa tukapanda kaburini. Mjomba alikuwa ameshafyeka majani, kasimama pembeni anaomba dua yake. Tumeshuka, wageni wamejaa uani, wali uko jikoni. Nilikuwa napakua. Simon akaja, akachukua mwiko akanisaidia, kama zamani. Nikamtania: umeona sasa?

Akasema, Dada, jana uliniuliza nilimwita nani. Hukuniuliza kama aliitika.

Akaendelea, polepole, bila hasira. Kama alikuwa mtu wa Mungu tu, basi usiku ule alishindwa, na mimi naweza kuendelea kumpenda. Kama ni Mungu, aliweza, akakataa. Leo nimekaa benchi lenu, nimesema maneno yenu yote. Sasa niambie wewe nimpendeje huyo aliyekataa.

Nimemwambia ngoja nafuata sahani ndani. Sahani zote ziko jikoni, anaziona. Nimekaa kitandani kwa Mama naandika. Baba anawasimulia wageni mdahalo wa jana, namsikia, amefika kwenye vigelegele. Simon bado yuko jikoni, ananisubiri.