Guka Anaona Haya Kuongea

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Tetu tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama babu yako, Guka, amekukasirikia, maana hapokei simu yako. Hapana, mama. Tangu apigwe na kiharusi ulimi umekuwa mzito, na anaona haya ukimsikia akiongea kwa kigugumizi.

Hata mimi hunifukuza nikitaka kumwosha. Jana nikamkumbusha nilivyougua baada ya kumzaa baba yako, akaniosha yeye mwenyewe huku wanaume wenzake wakimcheka.

"Niliona aibu sana," nikamwambia, "lakini sikukufukuza."

Machozi yalimtoka, kisha akanyoosha ule mkono mzima nimvue shati.

Piga tena Jumapili. Jina lako litachelewa kutoka. Msubiri.

Ni mimi, Cucu wako.