Homa ya Msituni Tuliyoiombea

Alhamisi, mwezi wa kumi, 1986. Mutomo.

Jua la leo limechoma mpaka kuku wamelala chini ya ghala midomo wazi. Asubuhi mawingu yalipita upande wa Ikutha yakatuonyesha mgongo, kama mgeni anayejua hapa hakuna chai. Mbegu nimeshazika kwenye vumbi, pojo na mahindi, nangoja mvua kama watu wengine. Lakini leo sisumbuliwi na mvua.

Nasumbuliwa na maneno mawili ya Kiingereza.

Tichaa Syombua, anayetufundisha ngumbaru sisi wazee tuliokosa shule, alituambia kila mtu aandike mambo ya siku yake, hata mistari mitatu tu, mkono usisahau. Na tuandike Kiswahili. Sikukataa. Kikamba changu kikikasirika hakiandikiki. Kiswahili changu ni cha polepole, kinanipa nafasi ya kupima neno kabla sijalirusha.

Basi nipime hili.

Mjukuu wangu Mwende anafundisha shule ya sekondari hapa karibu. Kuna mzungu huko anafundisha hesabu, anaitwa Tomu. Kijana mrefu, masikio mekundu, kila siku yuko na ndala kama mtu aliyeibiwa viatu. Wamependana. Nilipoambiwa sikupiga kelele. Nilimwambia Mwende amlete nimwone anavyokula. Akaletwa, akala muthokoi wetu wa mahindi sahani mbili, halafu akaiosha sahani mwenyewe kwenye karai. Nikasema huyu ana mama.

Keshokutwa Jumamosi analeta mbuzi za ntheo. Kwetu Wakamba hiyo si zawadi ya kusalimia. Mbuzi wa ntheo akishachinjwa kwangu na nyama yake ikaliwa, msichana amefungwa, ni mke wa watu. Na kwa sababu Tomu hana baba wala mjomba upande huu wa bahari, atakayesimama kama mzee wake na kumsemea ni rafiki yake, mzungu mwenzake anayechimba visima huko Mutha. Huyo anaitwa Robati. Ana ndevu nyingi na kicheko kisichokawia.

Jumapili iliyopita walikuja wote wawili baada ya kanisa, waone boma, wajue mbuzi wataingilia wapi. Tukakaa kwenye kivuli cha jikoni. Robati akamtazama Tomu, akamtazama Mwende, akasema kitu na kumpiga Tomu begani. Akacheka. Mwende akafunika mdomo, naye akacheka. Tomu akawa mwekundu mpaka shingoni.

Nikamuuliza Ndinda, mama yake Mwende. Ndinda anasafisha wodi pale hospitali ya misheni, amesikia Kiingereza cha madaktari miaka mingi.

"Huyo wa ndevu amesema nini?"

Ndinda akafikiria kidogo. "Anasema Tomu ameshikwa na homa ya msituni."

Nilishtuka. Kijana ana homa, tumempa uji na jua, rafiki yake anacheka, na mchumba wake pia anacheka. Sikuuliza zaidi. Nikaenda kwa mwarubaini wangu nyuma ya choo, nikachuma, nikachemsha mpaka maji yakawa meusi. Nikamletea kwenye kile kikombe kikubwa cha bati, nikamsimamia.

"Kunywa. Yote. Usiniachie chini."

Robati alicheka mpaka akashika ukuta. Mwende akanivuta leso, akaniita bibi kwa Kikamba. "Susu, hiyo si homa ya kuugua."

"Kumbe kuna homa ya kucheza? Ukiolewa na mtu na unamcheka akiugua, utakuwa mjane mapema."

Tomu akanywa. Machozi yalimtoka, lakini akanywa mpaka chini, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. 

Hapo mtu mwingine angeacha. Mimi si mtu wa kuacha.

Jumatatu tulikuwa na maombi ya akina mama wa kanisa. Nikasimama mbele yao, nikasema mchumba wa mjukuu wangu ameshikwa na homa ya msituni na ntheo ni Jumamosi, tusaidiane. Hakuna aliyeuliza ni homa gani. Kwetu homa ni nyingi, mtu haulizi jina. Mama mchungaji akanyoosha mkono kuelekea upande wa shule. Tukaomba kwa sauti, wengine wakilia. Tukaukemea ule ugonjwa utoke kwenye damu yake, utoke kwenye mifupa yake, usirudi tena katika jina la Yesu. Tichaa Syombua alikuwa pale. Niliona hajafumba macho, nikafikiri ni kiburi cha kusoma.

Jana nilikuwa sokoni akaniita kando, kwa wauza kamba.

"Mama Musyoka, ile homa uliambiwa na nani?"

"Na Ndinda."

"Ndinda hakukosea maneno. Lakini si ugonjwa. Ni msemo wao. Mzungu akitamani mtu mweusi, wenzake wanasema ameshikwa na homa ya msituni. Yaani kwa akili yake nzuri asingefika huko. Ni hewa ya huku imemwingia. Akirudi kwao itamtoka."

"Na huo msitu ni nini?"

Syombua akaanza kuokota mawe kwenye pojo za mtu, pojo ambazo hata hakuwa ananunua.

"Msitu ni sisi, mama."

Nilirudi nyumbani bila chumvi niliyoendea.

Tulimwombea apone. Apone nini? Apone kumpenda mtoto wangu. Wanawake wazima, wenye leso za kanisa, tulipiga magoti kwenye sakafu tukamwomba Mungu Tomu amwone Mwende na asisikie kitu.

Na huo msitu wenyewe uko wapi? Hapa Mutomo mtu akitaka kivuli anabishana na mbuzi.

Nimejiuliza kama ni mimi nina moyo mwembamba. Labda ni mzaha tu. Wanawake wa soko nao wana msemo wao juu ya Mwende. Wanasema, "Mwende ameshakata tiketi." Wanamaanisha mzungu ni ndege, anapandwa. Wakiniona wananiuliza nitabeba nini huko ng'ambo, kibuyu au jembe. Hayo pia si maneno mazuri. Yanamfanya kijana wa watu kuwa kitu cha kusafiria, na Mwende kuwa mtu wa kuhesabu faida. Nimewaambia wanyamaze, nao wakacheka. Lakini hata hivyo naona tofauti. Tiketi mtu anaiweka mfukoni asiipoteze. Homa mtu anaitafutia dawa.

Na nikikaa na hilo neno naona ubaya wake hauko kwa rangi peke yake. Homa mtu haichagui. Inakuja, inamtetemesha, inaondoka. Na mtu aliyekuwa na homa hashtakiwi kwa maneno aliyosema akiwa ameshikwa. Sasa mimi nitapokeaje mbuzi za mtu wa namna hiyo? Akipona atasema hakumbuki.

Mimi neno hili nimelisikia kabla, likiwa na nguo nyingine. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Mukuyuni, upande wa Makueni. Aliponichukua mimi wa Kitui, dada zake walisema amelogwa. Wenyewe wa huko wanaamini sisi wa Kitui ni wachawi kutoka tumboni. Walisema mwanamume mwenye akili zake hawezi kupita wasichana wote wa Mukuyuni aje achukue huyu mweusi wa jangwani, lazima amelishwa kitu. Walisema wakicheka, mbele yangu, nikiwapakulia chakula. Tena Mkamba kwa Mkamba. Rangi moja, lugha moja.

Mume wangu alikuwa na mfupa mkononi. Akauweka chini. Akasema, "Sikulogwa. Nilimwona." Akachukua mfupa wake akaendelea.

Maneno mawili. Nimeyala miaka yote ya ndoa yangu na hayajaisha.

Jana jioni Mwende alipotoka shule nilimkalisha kwenye kinu.

"Ulijua maana yake?"

"Ya nini, Susu?"

"Usinifanye mtoto. Ya homa."

Akaanza kuchora chini na kidole cha mguu. "Ni utani tu, Susu. Robati hana ubaya. Kisima cha Mutha amekichimba yeye."

"Sijauliza kisima. Utani una ukoo wake. Mimi nakuita mke mwenza, unanijibu nimezeeka nikuachie bwana, tunacheka, kwa sababu wewe ni mjukuu wangu na hiyo ni haki yetu. Robati ni nani yako?"

Akafuta kwa wayo alichokuwa amechora.

"Na wewe ulicheka nini?"

Akaokota punje ya mahindi chini. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nisipocheka watasema sijaelewa Kiingereza."

Nimemsomesha huyu mtoto kwa kuuza vikapu, vidole vyangu viwili havikunjiki kwa sababu ya katani. Nilitaka ajue Kiingereza. Sasa amekijua, na kazi ya kwanza ambayo nimeona kinafanya ni kumchekesha akitukanwa.

"Na Tomu alisema nini?"

"Hakusema kitu. Si ulimwona? Alikunywa dawa yako."

Hilo ndilo limenikalisha leo asubuhi na ungo wa pojo bila kupepeta. Mtu anayekunywa kikombe kizima cha mwarubaini ili mwanamke mzee asiaibike, huyo ni mtu mwema au ni mwoga? Nimeligeuza hivi na hivi. Unaweza kumeza uchungu kwa heshima. Unaweza pia kumeza kwa sababu mdomo uliojaa hauulizwi kitu.

Saa nane amekuja mwenyewe, peke yake, kwa miguu kutoka shule, na lile jua. Akanisalimu kwa Kikamba chake kilichovunjika mguu. Nikamwonyesha kigoda.

"Tomu, wewe una homa?"

Akaelewa mara moja. Masikio yakawaka. "Hapana, Susu. Sina."

"Jumapili kwa nini hukumwambia hivyo rafiki yako?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Yangu au yake?"

Nilifikiri atasema yangu, kwa sababu ndilo jibu la adabu. Alikaa, akatazama ndala zake.

"Yake," akasema. "Niliogopa ataniona sina mzaha."

Basi wako wawili. Mmoja anacheka asionekane hajui Kiingereza, mwingine ananyamaza asionekane hana mzaha, na katikati yao amekaa mtu wa ndevu akiwa na raha zake. Na huyo ndiye atakayesimama Jumamosi amwombe mwanangu Musyoka, baba yake Mwende, msichana. Ndiye atakayeshika kamba ya mbuzi.

Nikamwambia Tomu, "Sikia. Sikatai Robati aje. Wewe hapa huna wengine. Lakini mbuzi hawatapita kwa mlango wa boma langu kabla hajarudia yale maneno mbele ya wazee, kwa Kiingereza chake, na Ndinda atafsiri. Halafu wewe umjibu. Mimi sitakusaidia. Mwende hatakusaidia."

"Nimjibu nini?"

"Kama ningejua la kukuambia ungekuwa unaoa kwa mdomo wangu."

"Na nikikosa?"

"Utarudi na mbuzi zako. Wataenda shule, walishe wanafunzi."

Hakuniahidi. Aliinuka, akanishukuru, na kwenda zake. Sijui alikuwa ananishukuru nini. Sikumpa hata maji, na hilo linanichoma sasa ninapoandika, kwa sababu mgeni ni mgeni. Lakini ningempa maji ningeongeza na uji, na ningemwambia wacha tu, mwanangu, leta mbuzi.

Kwa maana nampenda. Nisifiche. Nampenda kijana huyu anavyoosha sahani.

Musyoka atafika kesho na basi la Mombasa. Yeye atasema nitakavyosema, ndivyo alivyo. Ndinda ameshanuna. Anasema ninaharibu siku ya mtoto kwa sababu ya neno ambalo wenyewe wameshasahau, na wageni wameshaalikwa, na mchele umenunuliwa. Labda ni kweli. Tomu akinyamaza tena, na Mwende akilia mbele ya watu, huu mkono wangu utaweza kurudisha kamba ya mbuzi? Mdomo wangu unaweza. Mkono sijui.

Nilimpa jina mimi, siku alipozaliwa. Mwende. Maana yake ni aliyependwa. Nani ampende kwa homa?

Nilikuwa nimefika hapo, nikasikia majani yanavunjwa nyuma ya choo. Nikafikiri ni mbuzi wa jirani, nikashika fimbo. Alikuwa Mwende, bado na nguo za shule, anachuma mwarubaini. Amejaza leso. Ameingia jikoni, ameyaweka kando ya mafiga, na kile kikombe kikubwa cha bati juu yake.

"Nani mgonjwa?" nikamuuliza.

"Hakuna, Susu. Tomu ameniambia. Ni ya Jumamosi. Robati akisema tena habari ya homa, tumkaribishe na kitu cha kunywa."

Hakucheka. Akachukua mtungi akaenda mtoni kuchimba maji kwenye mchanga kabla giza halijaingia.

Sikumtuma mimi. Majani yako pale, nayaona kutoka hapa nilipo. Kesho yatakuwa yamenyauka, lakini mwarubaini hata ukinyauka uchungu wake haupungui.