Nyama ya Karanga Uliyoniwekea

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Debora, kitindamimba wako. Sijakuandikia hata mara moja tangu tulipokuzika, na huu ni mwaka wa pili. Nilikuwa naogopa. Nilijua siku nitakayokaa chini kukuandikia itabidi niseme kweli, na kweli yenyewe nilikuwa nimeikalia kama kuku.

Leo nimeisema. Nimeisema mbele ya kijiji kizima, kwa hiyo nawe nikuambie, ingawa kwa haki wewe ndiye ulistahili kuwa wa kwanza.

Leo asubuhi walitaka kumfukuza Mama Zuhura.

Ndiyo, Mama, Mama Zuhura huyohuyo, jirani yako. Yule aliyekuletea moto kwenye kigae siku tuliyohamishiwa hapa kijijini, wakati wewe unalilia nyumba yako ya Mamboya na sisi hatujui hata kuni zinaokotwa upande gani. Watu wetu wa milimani waliwaita yeye na mumewe "watu wa reli", kwa sababu mumewe ni kibarua wa njia ya reli na babake aliletwa zamani kukata mkonge. Wewe hukujali. Kila Idd alikuletea nyama, na kila Krismasi ulimpelekea wali. Mlikuwa mkisutana kwa ukuta, huyu anamwita mwenzie mvivu, huyu anamwita mwenzie kiziwi, halafu jioni mko jamvi moja mnachambua mboga.

Ulipofariki, maneno yakaanza, na aliyeanza ni mwanao Yohana. Alisema hivi: Mama amekula nyama ya Idd kutoka kwa Mama Zuhura, Mama ametapika na kuhara siku mbili, Mama amekufa. Mbuzi yuleyule ameliwa na nyumba saba na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Basi fungu la Mama lilitiwa kitu. Watu wakaguna, wakatikisa vichwa. Hesabu ya kaka ilionekana imekaa sawa.

Mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Ungeona alivyofanywa, Mama! Siku za shamba la ujamaa wanawake wanapika pamoja kwenye lile sufuria kubwa. Yeye hakuruhusiwa tena kusogea jikoni. Hata maji hakuachiwa kuteka. Akapewa kazi ya kuni tu, na mke wa balozi wa nyumba kumi akasema kwa sauti, huku anacheka, "Kuni hazitiwi sumu." Alipopeleka wali msibani kwa Mzee Mganga, sahani ilirudishwa kama ilivyokwenda, kawa halijafunuliwa. Nilimwona akiichukua. Alisema "asanteni", akaenda zake. Na mimi nimesimama pale na sare yangu ya zahanati, nimekaza uso kama sijaona kitu.

Maana siku hizi mimi ni mhudumu wa afya wa hapahapa kijijini. Ulitaka hivyo, na imekuwa. Tuna zahanati ya vyumba viwili, bati linavuja upande wa dawa. Mnyama wa kijiji haliwi mpaka Bwana Afya aje kutoka Mikumi apasue ini alitazame, na akichelewa watu wanamtukana mpaka ukoo wake. Nami napita nyumba hadi nyumba nafundisha. Nyama ifunikwe. Kisu kilichokata mbichi kisiguse iliyoiva. Kiporo kichemke mpaka kitokote, kisipashwe tu. Wanawake wananisikiliza, wananiita "daktari". Daktari! Kila wakisema hivyo moyo unaniuma, Mama, nakuapia.

Sasa nikuambie jinsi ilivyokuwa.

Unakumbuka ile barua niliyokuandikia kutoka Kilosa, nilipokuwa kwenye mafunzo. Niliandika, "Nakuja Jumamosi kwa treni. Mama nimechoka na maharage ya hapa, nina hamu na nyama yako ya karanga. Usije ukanibanikia, nataka ya mchuzi." Maneno yangu hayo. Nayajua kwa moyo kuliko sala.

Idd ilikuwa Ijumaa. Mama Zuhura akakuletea paja. Mtu mwingine yeyote angelibanika juu ya moto likakaa hata wiki mbili, na wewe ndiwe uliyenifundisha kubanika. Lakini mtoto amesema anataka ya mchuzi. Jumamosi asubuhi ukaipika na karanga, ukaifunika, ukanisubiri.

Sikuja.

Nilimwambia Yohana, na nikawaambia watu wote msibani, kwamba treni ya Jumamosi iliharibika na ya Jumatatu ilijaa wafanyakazi. Uongo mtupu. Treni zote mbili zilikuja Mikumi, na nafasi ilikuwepo ya kulala. Jumamosi kulikuwa na dansi Kilosa, na kulikuwa na mwanamume. Nikaenda dansi. Jumapili nikawa naye, Jumatatu nikawa naye. Jumanne nikanunua khanga ya kukupoza. Jina lake silitaji, halina faida kwa mtu. Ameoa Kimamba, ana kitambi.

Na wewe siku zote hizo unaipasha ile nyama. Hukuichemsha. Najua, kwa sababu mwenyewe uliniambia umelala pale kitandani, sauti imekwisha, na bado unajisifu: "Sikuiacha itokote mwanangu, ingelainika ikavunjika. Niliipasha taratibu nikaiweka kwenye majivu ya moto, upate kipande kizima." Kipande kizima! Juma lililotangulia, darasani, mwalimu wetu alikuwa ametuwekea vikombe viwili vya supu dirishani. Kimoja kilichemshwa kila siku, kingine kikapashwa tu. Baada ya siku tatu akatunusisha. Akasema bakteria hawaonekani kwa macho, hawana haraka, na uvuguvugu ndio kitanda chao. Niliandika kwenye daftari kwa wino, nikapigia mstari. Halafu nikaenda dansi.

Jumanne mchana ukaona basi, mtoto haji. Kutupa nyama kwako ilikuwa dhambi ya kuungama kanisani. Ukaila.

Nilipofika Jumatano, wewe umeshalegea, macho yameingia ndani. Ukanionyesha jikoni kwa kidole. Nikaenda nikafunua chungu. Ulikuwa umeniachia kipande. Ulikula pembeni pembeni ukaniachia kile cha kwenye mfupa, ninachokipenda.

Harufu ilinipiga usoni. Nikajua palepale, Mama. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nikakimwaga migombani, nikafukia, nikasugua chungu kwa mchanga mara tatu. Nilijidanganya kwamba nafanya usafi. Nilikuwa naficha. Kwa hiyo maneno ya sumu yalipoanza, hapakuwa na chungu cha kunusa wala kipande cha kuonyesha, palikuwa na jina la Mama Zuhura tu.

Alhamisi tulikubeba kwa kitanda kukupeleka Mikumi, mvua inanyesha, tope hadi magotini. Mguu mmoja wa kitanda aliushika Baba Zuhura njia nzima, hakukubali kupokezana. Hatukufika. Unajua ulipotuacha, karibu na daraja.

Sasa mkutano wa leo. Yohana amekuwa akimsukuma Mwenyekiti miezi mingi. Mtoto wa jirani wa upande wa pili aliumwa tumbo juzi, tumbo la maembe mabichi, mimi mwenyewe nilimtibu. Lakini ikasemwa alionekana uani kwa Mama Zuhura. Hapo ndipo walipopata njia. Yohana akasimama akasema familia ile ihamishwe, irudi reli ilikotoka, na wanaokubali wanyooshe mikono. Mama Zuhura alikuwa amekaa chini na wanawake, peke yake, nafasi wazi kila upande. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mikono ikaanza kunyooka, na mingine ni ya watu niliowazalisha.

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi." Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa shule. Nikasema yote. Dansi nikaitaja. Mwanamume nikamtaja. Karanga, majivu, kipande, migombani. Nikasema, nyumba saba hazikuumwa kwa sababu nyumba saba zilikula Ijumaa ileile, na mama yangu alikula Jumanne kwa sababu alikuwa ananisubiri mimi. Hakuna sumu. Ni bakteria, na aliyewapa siku za kuzaana ni mimi.

Kizee kimoja nyuma kikasema, "Huyu ndiye anatufundisha kufunika vyungu?" Watu wakacheka, halafu hawakucheka tena. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mwenyekiti akafunga mkutano bila kufunga hoja. Yohana alinipita kama anapita kisiki. Hajaniambia neno mpaka sasa. Ni haki yake, nami namwacha kwa leo.

Nikaenda kwa Mama Zuhura. Nilipiga hodi nikapiga magoti hapohapo kizingitini, nikaanza kusema nisamehe. Akanikatiza. Akasema, "Inuka, unachafua nguo. Tulijua."

Walijua, Mama. Baba Zuhura alikwenda stesheni na baiskeli Jumamosi, akaenda tena Jumatatu, kwa sababu wewe ulimwomba anipokee mzigo. Aliziona treni zote mbili zikiingia na kuondoka, na mimi simo. Tangu siku ya msiba, wakati nasema uongo wangu mbele ya watu, yeye yuko pale amekaa ananisikiliza.

Nikamuuliza Mama Zuhura, kwa nini hamkusema? Miaka miwili mnatemewa mate, na neno moja lilikuwa linatosha!

Akasema wewe ndiye uliyemkataza. Kwamba Jumatano ile jioni nilipotoka kwenda kutafuta chumvi na sukari, ulimshika mkono ukamwambia, "Debora asijue kwamba ni ile nyama. Atajilaumu maisha yake yote. Nakuapisha." Naye akaapa. Akaniambia, "Kiapo cha maiti nitakivunja vipi? Kwa ajili ya maneno ya mke wa balozi?"

Mama.

Sijui nikulilie au nikugombeze. Ulikuwa unakufa, na bado unanikingia. Hukujua watakuja kusema sumu, najua hukujua. Lakini ulimbebesha mwenzio mzigo, naye akaubeba bila kunung'unika, ili mimi nisijue kitu ambacho nilikijua tangu nilipofunua chungu. Nilikijua, Mama! Siku zote hizo. Yeye ananificha mimi, mimi najificha nyuma yake. Angenong'ona tu, au ningenong'ona mimi, yangekwisha. Nimelia mpaka kichwa kinagonga.

Mama Zuhura aliniacha nilie, kisha akachoka. Akasema, "Basi, inatosha, mama yako mwenyewe asingevumilia kelele hizi. Umekula?" Sikuwa nimekula. Akaweka ugali na dagaa, akanawa, akanimiminia maji nikanawa. Akataka kurudisha mlango, ndiyo mazoea yake siku hizi akila. Nikamwambia auache.

Tulikula mlango wazi, Mama. Watu waliobaki mkutanoni wakibishana ndio walikuwa wanarudi, wanapita pale mbele. Wengine walitazama kando. Mke wa balozi alisimama kabisa, kikapu mkononi. Nikamega tonge, nikachovya, nikala, namtazama. Mama Zuhura naye alikuwa anakula, lakini machozi yanadondokea mkononi mwake na hayafuti.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba upumzike, hilo tu. Kiapo ulichompa umemwondolea, nimemwambia hivyo kwa niaba yako, usinikatalie. Na nakuahidi hili moja: siku ya shamba ijayo, sufuria kubwa haliinjikwi mpaka Mama Zuhura awe ameshika mwiko. Wakikataa, nitakaa naye kwenye kuni, na Yohana nitamleta pale pale aombe radhi, hata kama ni kwa kumkokota shati.

Lala, Mama yangu.

Mwanao aliyechelewa,
Debora