Mkondo Uliogeuka

Jumatatu, 17 Juni

Mvua tangu alfajiri. Jiji zima la Concepción limelowa. Leo nimeokota vijiganda vya mwisho kwenye tope! Brashi mdomoni, hadubini, brashi mdomoni tena – hapa maabara sote tunailamba mpaka ncha iwe kama unywele. Braulio wa meza ya pili kanicheka: dada, umeshakula tope la bahari kushinda kaa.

Ijumaa ya wiki ijayo natetea tasnifu. Nikianguka, basi. Profesa Iturra, msimamizi wangu, anastaafu na maabara inafungwa.

Jumanne, 18 Juni

Mama kapiga simu kutoka Tomé. Anataka kujua nafanya nini hasa, akawaambie wenzake kanisani. Nikamwambia: kuna vijidudu vinaishi chini kabisa baharini. Vinajenga ganda kwa oksijeni ya maji yaliyovizunguka. Vikifa, ganda linabaki topeni. Mimi napima oksijeni nzito na nyepesi, najua maji yale yalitoka wapi enzi za barafu. Na kwenye tope letu mkondo wa chini uligeuka ghafla, wakati hakuna aliyetarajia. Profesa ndiye aliyeuona kwanza, kwa vijiganda vichache. Mimi nimeuthibitisha kwa maelfu.

Mama: yaani bahari ilirudi nyuma, na mwanangu kaiona? Ndiyo, Mama. Basi anakuja siku ya kutetea, na sambusa zake za empanada anakuja nazo.

Jumatano, 19 Juni

Mungu wangu.

Nilishuka stoo ya baridi kupiga picha kipande cha nne, kile chenye mkondo wetu. Picha ya kupambia tu. Tope likitolewa baharini hukatwa vipande virefu, kila kimoja na juu yake na chini yake. Hiki kina mstari wa majivu ya volkano. Majivu yakizama, chembe nzito hutangulia, laini hufuata. Hapa nzito ziko JUU.

Nikagusa. Nikatia kidogo mdomoni, nikasaga kwa meno. Mchanga juu, unga chini.

Kipande kimelazwa kichwa chini! Mtu alikipindua melini tope lilipotolewa, kabla sijaja, na mimi nimekisoma kuanzia mkiani miaka yote hii. Bahari haikugeuka hata kidogo. Nimekaa sakafuni stoo mpaka vidole vikafa ganzi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepanga namba upya. Mchoro umenyooka, umefanana na wa kila mtu duniani. Sina kitu. Braulio kauliza nina nini, nikasema mafua.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemwambia Profesa. Nilidhani ataanguka. Kasema tu: funga mlango, binti. Kamimina chai, kwangu kwanza. Halafu kaniuliza nani mwingine ameona.

Hakuna, Profesa.

Akazungusha kikombe weee. Kisha kasema aliyaona majivu yale mwaka mmoja baada ya safari ile ya meli. Alikuwa ameshatangaza. Watu walishampigia makofi. Akajiambia atapata tope jingine limuunge mkono, asilipate. Ndipo nikaja mimi.

– Ukanipa mimi?

– Una jicho kali. Nilidhani utayaona mwaka wa kwanza.

Alikuwa ananingoja! Nilime mimi, avune yeye, na aibu niibebe mimi. Nikamwita mwoga. Mtu wa rika la babu yangu! Sikuomba radhi na siombi.

Kasema nitetee kama ilivyo, wanajopo hawashuki stoo. Maji yakimwagika hayazoleki.

– Hayakumwagika, Profesa. Uliyamwaga.

Nimelia kwenye basi bila kujificha. Mama mmoja kanipa kitambaa.

Alhamisi, 27 Juni

Sina nguvu ya kuandika. Nikisema kweli, sina tasnifu. Nikinyamaza, nitakuwa yeye.

Ijumaa, 28 Juni

Koridoni, nje ya ukumbi. Jopo limeshaingia. Mama kafika, kapaka rangi ya mdomo, sijawahi kumwona hivyo. Kamshika Profesa mikono yote miwili: Mungu akulipe kwa kunilelea mwanangu. Uso umemshuka, kawa mzee ghafla.

Mama alipoingia nikamuuliza Profesa: nikisema kweli, utasimama nami?

Kaangalia viatu vyake. Kasema atakaa mstari wa mbele. Hilo ni jibu gani? Keshaingia, mlango kauacha wazi. Namwona. Kweli kakaa mbele.

Natamani mvua ibomoe jengo hili.

Braulio anafunga kompyuta yangu kwenye projekta. Sasa kanigeukia, anapaza sauti na ukumbi wote unasikia: dada, huku kuna michoro miwili ya kipande cha nne, na haifanani! Niweke upi?

Profesa kafumba macho. Mwenyekiti wa jopo kavua miwani, ananitazama. Mama anatabasamu tu.

Nimemwambia Braulio angoje nimalize sentensi hii.