Aina Mbili Si Ushahidi wa Zinaa

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Sote hapa Junda twakusalimu. Mamako hajambo, mimi pumzi zanipungua, basi nakujibu leo leo.

Waniuliza kama aina mbili za kirusi cha HPV katika kipimo chako ni ushahidi kuwa mumeo ametoka nje. Miaka ya tisini nami niliambiwa shingo ya kizazi imeanza kubadilika kuelekea saratani. Sikumwambia babu yako. Nilimwendea somo yangu, yule aliyenifunda nilipokuwa mwari, nikitaraji atanifukiza udi. Akacheka.

"We mwari wangu, nilikufunda kumpokea mume, sikukufunda kutibu saratani. Vaa buibui twende hospitali."

Alinishika mkono walipokuwa wakipachoma pale palipobadilika, nami nikapona.

Kirusi hiki hukaa kimya miaka mingi, wala hakisemi kimetoka kwa nani. Hata kikiwa cha aina mbili, mara nyingi mwili hukishinda. Kinachong'ang'ania ndicho huleta saratani, kwa hivyo rudi uchunguzwe, usimngoje mumeo akiri.

Ukiogopa kwenda peke yako, mwonyeshe mamako barua hii, akusindikize. Nimemficha ugonjwa wangu miaka yote hii, lakini kwa ajili yako naridhia ajue.

Bibi yako akupendaye