Ukuta wa Chumba Chenu Umekauka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo. Siku hizi nazunguka nyumba nzima na habari hii, na hakuna wa kumwambia atakayeielewa kama wewe: ule ukuta umekauka.

Unakumbuka ukuta huo ulivyotutesa. Ukuta wa kati ya chumba chenu na bafu, hapa kwetu Mwananyamala, ulijaa madoa meusi ya ukungu, na rangi ilivimba na kubanduka. Kila Idi ilipokaribia ulivua shati, ukakwangua, ukapaka rangi upya, mie nimekushikia kopo. Masika ikiingia, ukungu umerudi. Ulikuwa unasema ni ardhi ya huku, maji yako juu, hakuna la kufanya. Nikaamini, maana nyumba uliijenga wewe.

Ulipotutoka ukungu ulizidi. Nguo za mama zikawa zinanuka kabatini hata akizifua. Mwenyewe akaanza kukohoa, daktari akamkataza kulala chumba kile, tukamtandikia godoro sebuleni. Kaka Hamisi akaamua kumchukua wakaishi wote kwake Mbezi, nyumba ipangishwe. Mama hakubisha. Alianza kukunja nguo zake taratibu.

Ndipo maji yakakatika mtaa mzima. Tukahangaika na ndoo, kila mtu analalamika. Siku moja niliingia chumbani kuchukua mto, nikauegemea ukuta bila kufikiri. Mkavu. Na siku zote hizo mvua ilikuwa inanyesha, baba! Kama maji yangekuwa yanapanda kutoka ardhini, si ndiyo ungelowa zaidi? Sikutaka kumpa mama matumaini ya bure. Maji yaliporudi nikawa naingia kila mara kuugusa. Ukalowa tena, kuanzia usawa wa kifua, kule chini bado kukavu. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, siyo ardhi. Ni bomba."

Aliniangalia, akaweka mwiko chini. "Basi mwite fundi kabla Hamisi hajaja kunichukua."

Fundi alifunga koki zote za nyumba, akatuonyesha mita ya maji inavyoendelea kuzunguka polepole. Akabomoa plasta upande wa bafuni. Bomba linalopanda kwenye bafu la mvua lilikuwa limepasuka pale linapokata kona, linavuja humo humo ndani ya ukuta. Mama alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia.

Bomba likabadilishwa. Mie nikavaa barakoa, tukakwangua plasta yote iliyooza, tukaacha ukuta wazi na madirisha wazi, maana fundi alituonya tukiuziba na unyevu wake ukungu utarudi. Ulipokauka kabisa ndipo tukapiga plasta mpya na rangi. Mama alichagua mwenyewe, buluu iliyopoa.

Jumamosi Hamisi alikuja na gari la mizigo. Alikuta kitanda kimesharudi mahali pake na mama yuko kwenye usingizi wa mchana, anapumua vizuri. Mama alipoamka akamwambia, "Mwanangu, kula kwanza ndiyo uondoke. Mie nipo kwangu."

Natamani ungemwona Hamisi alivyokula, anajaribu kununa na kicheko kinamtoka.

Usidhani hukuijua nyumba yako, baba. Bomba lilikuwa limejificha ndani ya ukuta, nani angeliona? Ingekuwa upo, hiyo siku ungembeba mama ukazunguka naye uani.

Sasa hivi yuko chumbani anapanga vitu vyake, na anaimba. Hajaimba tangu tulipokuzika. Kwa hiyo naishia hapa, niende nikae mlangoni nimsikilize.

Pumzika kwa amani, baba.

Bintiyo wa mwisho