Uzi wa Kupima Kichwa cha Kananu

Ruiri, nyumbani kwa mama,
Jumapili, 5 Oktoba 2025.

Mpendwa dada yangu Kananu,

Ati nataka ukubwa wa kichwa chako nifanye nacho nini? Swali nzuri. Siku ile simu ilikatika kabla sijakujibu, najua ulibaki ukifikiria ndugu yako amegeuka mganga. Sijageuka. Nataka kukutengenezea taji. Ya karatasi. Usicheke bado, ngoja kwanza tusalimiane kama watu walilelewa na mama mmoja.

Muga sana, dada. Uko aje huko Doha? Joto imepunguka ama bado mnachemka kama githeri? Miguu bado inafura jioni? Mimi mwili ni mzima. Meno yote iko, isipokuwa ile ulining'oa na uzi ukiwa umeifunga kwa mlango, ukaniambia eti nihesabu mpaka tatu na ukavuta kwa moja.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu mimi hucheka tu. Nikisikia sauti yako nafanya mzaha mpaka salio inaisha, halafu nabaki nimeshika simu kama mtu ameshika kiatu ya mtu mwingine. Hii barua utaletewa na Virginia, yule msichana wa kina Marete. Amepata kazi huko, anasafiri hii wiki. Mpokee vizuri, anaogopa ndege kuliko nyoka.

Habari ya nyumbani. Vile tulizika mama na watu wakarudi kwao, niliacha kibanda changu ya kava za simu pale Makutano nikaja kukaa hapa, kwa sababu nyumba ikikosa moshi inazeeka haraka. Kuku wako salama. Mbuzi mmoja amezaa. Lakini Kananu, hii nyumba ina viti mingi sana. Sikuwa nimejua. Napikia kwa ile sufuria kubwa ya mama kwa sababu ile ndogo ilitoboka, nakula ugali moja siku mbili, na mbuzi wananiangalia kwa mlango kama watu wa kamati.

Sasa nikuambie vile nimekuwa fundi wa makaratasi. Mwalimu Jedidah, yule wa watoto wa Jumapili hapa kanisani, alitaka mchezo wa Daudi na Goliathi. Akauliza nani anaweza kutengeneza kofia ya vita na ngao. Nikainua mkono. Unanijua, mkono wangu huinuka kabla kichwa ijue. Nilikuwa nimeona kwa simu mtu akikunja karatasi mpaka inakuwa kama chuma, nikasema hii ni kazi ya kukaa chini, inanifaa.

Nikakata makaratasi ya mifuko ya simiti, nikakunja kofia, nikabandika na uji wa unga wa ngano, nikaanika kwa jua yetu hii ya Ruiri. Siku moja ikakauka mpaka ukiigonga inalia ko ko ko. Nikapaka rangi ya fedha nje. Kiunga wa bucha ndiye alikuwa Goliathi, akaivaa mazoezi yote, kichwa juu, hata kuuza nyama alikuwa anauza akiwa nayo. Kinyua kinyozi, yule mfupi, ndiye Daudi.

Basi tukaalikwa kucheza Kianjokoma, kanisa ya kina shangazi Veronicah. Na hapo ndipo ujinga wetu watu wa jua ilionekana. Sisi kitu ikikauka Ruiri tunajua imekauka milele. Kumbe kule juu kwa majani chai ukungu unaingia mpaka mfukoni. Tulifika asubuhi, manyunyu kidogo, tukangoja nje kwaya imalize. Ile kofia ikakunywa maji polepole bila kusema. Halafu Kiunga naye akaanza kutoa jasho ndani yake kwa uoga wa watu. Alipotoka mbele kumtukana Daudi, chuma ikalegea kama chapati, ikamshukia mpaka kidevu.

"Mutegi!" Kiunga ananililia huko ndani. "Mutegi, mimi sioni!"

"Anguka basi!" Mwalimu Jedidah anamwambia kutoka nyuma ya pazia.

"Lakini sijarushiwa jiwe!"

"Wewe anguka!"

Akaanguka. Kinyua bado anatafuta jiwe mfukoni. Kanisa yote ikacheka mpaka mchungaji akakaa chini. Mimi pia nilicheka, lakini nikajificha kidogo nyuma ya choo, kwa sababu vile ningefika nyumbani hakuna mtu wa kumwambia hiyo hadithi. Mama angeitaka mara mbili. Na wewe ungesema nilifanya makusudi.

Kianjokoma kuna mzee anaitwa Ndambiri, anatengeneza majeneza. Alinikuta huko nyuma, akachukua hiyo takataka yangu ya kofia akaigeuza, akaangalia ndani. Akaniambia, "Kijana, umevalisha mtu suti nje na ndani yuko uchi." Ndiye alinifundisha. Uji wacha, huo ni chakula ya panya. Tumia gundi nyeupe ya mbao, uichanganye na maji kidogo. Chana kitambaa cha pamba kizee, kile kimefuliwa mpaka kimekuwa laini, ubandike vipande kwa ndani, moja inapita juu ya ingine. Kausha kwa kivuli kwanza, jua ikiikuta mbichi inapinda. Halafu vanishi nje na ndani, na ukingo upake mara mbili, kwa sababu maji huanzia ukingoni. Karatasi ni sura tu, alisema, kinachoshika ni kitambaa.

Kananu, kofia ya pili nimeikalia kama stuli. Nimeiacha nje mvua ikanyesha. Kiunga ameidondosha kutoka kwa lori. Iko! Ndani yake kuna shati yangu ya shule, kwa hivyo hiyo shati sasa imesaidia zaidi ya vile ilisaidia nikiwa ndani. Sasa shule za watoto wadogo wananiita niwatengenezee kofia za kumaliza nasari. Nimechana mashuka zangu zote. Nalala kwa gunia kama viazi, lakini biashara inatembea.

Zikishapakwa nazipanga kwa viti vya mama zikauke. Ukiingia jioni unaona vichwa vinakungoja. Juzi nilisema "hamjambo" nikajishika mdomo. Halafu nikaona nimetoa vikombe viwili vya chai. Hiyo usiambie mtu.

Basi sasa taji. Krismasi hii Mwalimu Jedidah anataka wale wakubwa watatu waliotoka mashariki na zawadi. Kiunga ni mmoja, Kinyua ni wa pili. Wa tatu akaniuliza ni nani. Mkono ukainuka tena. Nikamwambia huyo nitamleta, na huyo anatoka mashariki kabisa, hata atashuka na ndege. Akasema, "Mutegi, usiniaibishe mara mbili."

Taji yako iko tayari kwa nje. Ni katoni ngumu, ina pembe saba, nimeipaka rangi ya dhahabu mpaka kuku wanaiogopa. Lakini nimeiacha wazi nyuma, sijaifunga kwa sababu sijui kichwa imefika wapi. Na ndani bado ni karatasi tupu.

Kitambaa kiko, lakini si changu. Lile sanduku la mama bado liko chini ya kitanda, na leso zake, zile za kujifunga kiunoni, ziko ndani vile alizikunja. Shangazi Veronicah aliniambia siku ya mazishi, "Hilo mwanaume hafungui. Leso za mama hugawanywa na binti yake." Na wewe likizo ulinyimwa, sikulaumu hata kidogo. Kwa hivyo nafagia kulizunguka. Hata vumbi yake sipanguzi juu, naogopa itaonekana nimekosa subira.

Shangazi anakusalimia, anasema usisahau kuomba kwa lugha yetu. Kiunga anakusalimia na amekuwekea mbuzi wa kuchinja ukifika, hata kama mbuzi ni wetu. Nisalimie Marcella, yule mnalala naye chumba kimoja, mwambie ugali ya huku bado ni ngumu vile anapenda. Mungu akulinde kwa ngazi za hao watu unawafanyia kazi, akupe usingizi, na awalegeze mioyo wakuachilie Desemba.

Sasa dada, tufanye biashara, mimi na wewe. Ndani ya bahasha kuna uzi. Uzungushe kichwani, juu ya masikio, ufunge fundo pale uzi unakutana, umrudishie Virginia. Ana mtu wake anarudi huku mwezi ujao. Fundo likifika, mimi nitaziba nyuma ya taji, nitafagia uwanja na kununua sufuria ndogo. Wewe ukifika utafungua sanduku, utachagua leso moja, moja tu, tuichane pamoja tubandike ndani. Zingine zote ni zako na shangazi, mimi siombi hata kipande.

Na uzi ukirudi bila fundo, nitaelewa. Nitamfungia huyo mbuzi, hachinjwi. Lakini taji sitampa mtu mwingine, nitaiacha hivyo wazi nyuma, juu ya kiti chako.

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata nikicheka,
Mutegi